Wakubwa Wanapogombana na Wanapoelewana: Dunia Ikitazamwa Kutoka Mto Ruvuma

(Hotuba iliyotolewa Mtwara mjini mbele ya walimu, wanafunzi na viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika, na kuandikwa upya kwa ajili ya wasomaji.)

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa vyama vya msingi, walimu wenzangu, wazee wangu mliotoka Newala, Tandahimba na Lindi: shikamooni. Asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo. Na nyinyi wanafunzi mliojaa huku nyuma, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie namna viongozi wa siasa na mataifa yanayoshindana yanavyoipa dunia utaratibu, au yanavyouvuruga. Mmoja wa waandaaji alipendekeza nianze na methali ya tembo wapiganapo na nyasi zinazoumia. Nimekataa kwa heshima, kwa sababu nyasi hazina kura katika Umoja wa Mataifa, hazina bandari ya kina kirefu, hazina gesi wala korosho, na hazijawahi kuwahifadhi wapigania uhuru wa nchi jirani kwa miaka kumi. Sisi watu wa kusini tumeumia, hilo halina ubishi, lakini tumekuwa pia washiriki, na mshiriki hupaswa kuelewa mchezo unavyokwenda.

Hoja yangu ni hii. Utaratibu wa dunia hautokani na urafiki wa wakubwa. Unatokana na makubaliano ya wapinzani juu ya mambo ambayo kila mmoja wao atajizuia kuyafanya, hata pale anapokuwa na nguvu za kuyafanya. Vurugu huanza siku kiongozi mmoja anapoamini kwamba kanuni ile inawahusu wengine tu, akaivunja, kisha akatazama kushoto na kulia asimwone wa kumtoza gharama. Lakini ipo nusu ya pili ya hoja, na hiyo ndiyo inayotuhusu zaidi: makubaliano ya wakubwa yanaweza kuwa amani kwao na balaa kwa asiyekuwepo mezani.

Tuanze na nusu hiyo ya pili, kwa kuwa ushahidi wake uko mkoani Lindi na wengi wenu mmeshapelekwa na walimu wenu kuuona. Mwaka 1494 Hispania na Ureno, falme mbili zilizokuwa zikigombea bahari, zilitia saini Mkataba wa Tordesillas na kugawana njia za dunia kwa mstari uliochorwa katika bahari ya Atlantiki, magharibi yake ikiwa ya Hispania na mashariki yake ya Ureno. Kwa falme hizo ulikuwa mkataba wa busara, kwa sababu uliziepusha kupigana. Mtawala wa Kilwa hakuulizwa. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga mbele ya Kilwa Kisiwani na kumlazimisha Sultani Ibrahim alipe kodi ya dhahabu. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akaja na kundi la manowari, mji ukatekwa na kuporwa, na ngome ikajengwa. Dhahabu ya kodi ile ilipelekwa Lisbon, ikafuliwa kuwa chombo cha ibada kinachojulikana kwa jina la Belém, kilichokamilika mwaka 1506. Kipo makumbusho huko mpaka leo, na mtu yeyote mwenye nauli anaweza kukata tiketi akaitazama kodi ya Kilwa ikiwa ndani ya kioo.

Karibu zaidi na hapa tuliposimama kuna Kionga. Mwaka 1886 Ujerumani na Ureno zilikubaliana kwamba mpaka kati ya makoloni yao ungefuata Mto Ruvuma. Miaka minane baadaye Ujerumani ikavuka upande wa kusini wa mlango wa mto na kulitwaa eneo dogo la Kionga, na Ureno, ambayo haikuwa na ubavu wa kushindana na Berlin, ikanyamaza. Mwaka 1916 Ureno iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na kulichukua tena eneo hilo. Na mwaka 1919, baada ya Ujerumani kushindwa, washindi waliokutana Ufaransa waliithibitishia Ureno umiliki wake. Kwa hiyo ndani ya miaka 25 familia za pwani ile zilihamishwa kutoka ufalme mmoja hadi mwingine na kurudishwa, bila mtu kuhama nyumba. Ndiyo maana hata leo mtu wa Msimbati au Kilambo ana shangazi Cabo Delgado, Msumbiji, na anapokwenda msibani huvuka mpaka ambao uliamuliwa na watu wasiojua msiba huo ungekuwa wa nani.

Vita hivyo viliacha alama nyingine ambayo tunaipita kwa basi bila kuitazama. Mahiwa, kwenye njia ya kutoka Lindi kwenda Masasi, mwezi Oktoba 1917, majeshi ya Uingereza na ya Ujerumani yalipigana kwa siku nne, na upande wa Waingereza pekee ulipoteza zaidi ya watu 2,000 kwa kufa, kujeruhiwa na kutoweka. Waliopigana walikuwa kwa sehemu kubwa Waafrika, wakiwemo askari walioletwa kutoka Nigeria, na nyuma yao wapagazi ambao hesabu zao hazikuandikwa kwa uangalifu uleule. Ugomvi ulioanzia Sarajevo ulikuja kumalizia nguvu zake kwenye mashamba ya Wamwera.

Sasa nirudi kwenye nusu ya kwanza ya hoja, maana nisieleweke kwamba makubaliano ya wakubwa ni mabaya siku zote. Yapo yaliyotuokoa sote. Mwezi Oktoba 1962 Umoja wa Kisovieti ulikuwa umeweka makombora ya nyuklia nchini Cuba, na Marekani ikaizunguka Cuba kwa manowari. Tarehe 27 mwezi huo ndege ya upelelezi ya Marekani iliangushwa na rubani wake akafa; siku hiyohiyo nyambizi ya Kisovieti iliyokuwa imezingirwa, ikiwa na silaha ya nyuklia ndani yake, ilikaribia kuitumia, na kwa maelezo ya waliokuwemo, ofisa mmoja aliyeitwa Vasili Arkhipov alikuwa miongoni mwa waliozuia. Kennedy na Khrushchev walikuwa na majenerali waliokuwa wakiwasukuma wapige. Wote wawili walichagua kumwachia mwenzake mlango wa kutokea: Khrushchev akatoa makombora yake Cuba, na Kennedy, kwa siri, akakubali kuyaondoa ya Marekani yaliyokuwa Uturuki.

Ninachotaka mkizingatie ni kilichofuata. Watu hawa hawakupendana baada ya hapo. Lakini mwaka 1963 waliweka njia ya mawasiliano ya moja kwa moja kati ya Washington na Moscow, na mwezi Agosti mwaka huo wakatia saini, pamoja na Uingereza, mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia angani, chini ya maji na katika anga za juu. Mwaka 1968 ukaja mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha hizo. Mwaka 1987 Reagan na Gorbachev wakafuta kundi zima la makombora ya masafa ya kati. Huo ndio utaratibu ninaousema: maadui wanaojuana vizuri, kila mmoja akiwa amemwona mwenzake pembeni ya shimo, wanaandikiana orodha ya yasiyofanyika. Viongozi wenye hofu yenye sababu waliujenga. Waliokuja baadaye, ambao hawakulichungulia shimo lile, wameuona mzigo: Marekani ilijitoa katika mkataba wa makombora ya kujihami mwaka 2002, na ule wa Reagan na Gorbachev ukafa mwaka 2019, kila upande ukimlaumu mwenzake kwa kuuvunja.

Hapa ndipo lazima tuseme waziwazi ni nani amevunja nini, na tusiseme kwa upendeleo. Mwaka 2003 Marekani na Uingereza ziliivamia Iraki bila idhini ya Baraza la Usalama, kwa madai ya silaha ambazo hazikupatikana. Mwaka 2011 Baraza hilo lilipitisha azimio namba 1973 la kuwalinda raia wa Libya. Urusi, China, India, Brazili na Ujerumani zilijizuia kupiga kura, Afrika Kusini na Nigeria zikaunga mkono. Ulinzi wa raia ukageuka kuwa kuiangusha serikali, mpango wa amani wa Umoja wa Afrika ukawekwa kando, na silaha za Libya zikasambaa jangwani hadi Mali. Afrika Kusini ilijutia kura ile hadharani, na tangu siku hiyo Moscow na Beijing zimekuwa zikiikumbusha dunia kila azimio linapohitaji imani yao.

Lakini kosa la Baghdad haliwezi kuhalalisha kosa la Kyiv. Tarehe 5 Desemba 1994, mjini Budapest, Ukraine ilikubali kuachana na silaha za nyuklia zilizokuwa katika ardhi yake, ambazo kwa wingi zilikuwa za tatu duniani, na Urusi, Marekani na Uingereza zikatia saini kuahidi kuheshimu mipaka yake. Mwaka 2014 Urusi ikaitwaa Crimea, na tarehe 24 Februari 2022 ikavamia nchi nzima. Mimi naiona hati ya Budapest kuwa karatasi ghali kuliko zote zilizosainiwa katika maisha yangu, kwa sababu imemfundisha kila kiongozi mwenye wasiwasi kwamba ahadi bila bomu haina mlinzi.

Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipolipigia kura jambo hilo tarehe 2 Machi 2022, nchi 141 zililaani uvamizi, 5 zilipinga, na 35 zilijizuia, Tanzania na Msumbiji zikiwemo. Vijana huniuliza kama tulifanya sawa. Naielewa sababu ya kujizuia, na nitaieleza sasa hivi kwa sababu inaanzia hapahapa kusini. Lakini jibu langu ni kwamba nchi ndogo inayolinda mipaka yake kwa sheria, si kwa makombora, ilipaswa kuitetea sheria hiyo siku ilipokanyagwa, na kuitetea kwa sauti ileile iliyotumika juu ya Iraki.

Sababu ninayoisema iko Nachingwea. FRELIMO, harakati ya ukombozi ya Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962, na tarehe 25 Septemba 1964 ilianza vita ng'ambo ya Ruvuma. Kambi yake kuu ya mafunzo ya kijeshi ikawa Nachingwea, ambako wakufunzi wa Kichina waliwafundisha vijana wa Msumbiji mbinu za msituni, huku silaha nyingine zikitoka Umoja wa Kisovieti na nchi za Ulaya Mashariki. Moscow na Beijing zenyewe zilikuwa zimekosana vibaya, hata mwezi Machi 1969 askari wao wakauana kwenye mto wa mpakani mwao. Lakini FRELIMO, pamoja na wenyeji wake Watanzania, ilipokea kutoka kwa wote wawili na kukataa kuamuliwa nani amchukie nani. Hiyo ni kazi ngumu ya kidiplomasia, na ilifanywa na watu ambao wengi wao walikuwa hawajafika umri wa miaka 40.

Na upande wa pili je? Ureno ilikuwa mwanachama mwanzilishi wa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, tangu 1949. Mwaka 1961 utawala wa Kennedy ulianza kwa kupiga kura Umoja wa Mataifa dhidi ya Ureno kuhusu Angola, jambo lililowatia moyo sana Waafrika. Lakini Marekani ilikuwa na kambi ya ndege kwenye visiwa vya Azores, vilivyo mali ya Ureno katikati ya Atlantiki, na mkataba wa kambi hiyo ulikuwa unakwisha mwishoni mwa 1962. Salazar, mtawala wa Ureno, alijua kuhesabu. Hakuisaini upya, akawaacha Wamarekani wakae kwa kumwomba, na Washington ikapunguza ukali wake kuhusu Afrika. Mwaka 1973, ndege zilizokuwa zikipeleka silaha Israel zilipita Azores. Ukitaka kujua kwa nini mama wa Mueda, Msumbiji, alivuka Ruvuma usiku na mtoto mgongoni, na kwa nini vijiji vyetu vya kando ya mto vilionja mabomu, sehemu ya jibu iko kwenye uwanja wa ndege ambao mama yule hakuwahi kuusikia.

Hatimaye dola ile haikuangushwa na Washington wala Moscow. Iliangushwa na maofisa wa Ureno wenyewe, waliochoshwa na vita visivyoshindika vya Afrika, tarehe 25 Aprili 1974. Mkataba wa Lusaka ukafuata Septemba, na Msumbiji ikawa huru tarehe 25 Juni 1975. Kwa kizazi kilichokulia hapa, kura za leo huko New York hupigwa zikiwa na kumbukumbu hiyo: nani alitupa bunduki, nani alimpa adui yetu ndege. Ni kumbukumbu ya kweli na ina haki yake. Hata hivyo, Ukraine nayo ilikuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti, na shukrani zetu zote kuandikiwa anwani ya Moscow ni hesabu yenye kasoro.

Nitakuwa mfupi kuhusu mpango wa karanga wa Waingereza, kwa sababu wazee wanaijua habari hiyo kuliko mimi. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula na uhaba wa dola za kuyanunulia. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi mtendaji wa kampuni ya biashara ya United Africa Company, alitoa wazo la kulima karanga hapa kwetu. Mwaka uleule tume ndogo ikaja Tanganyika na kuzunguka kwa wiki chache. Na mwaka 1947 Waziri wa Chakula, John Strachey, akaupeleka mpango bungeni: ekari milioni 3 na zaidi, sehemu kubwa zikipangwa huku kusini. Mwanzoni mwa 1951 mpango ulifutwa, paundi milioni 36 zikiwa zimepotea. Bandari ya Mtwara ni mtoto wa mpango huo. Reli ya kwenda Nachingwea ilikuwa mtoto wake mwingine, nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake vikang'olewa. Hakuna aliyetuchukia katika jambo hilo, na ndiyo maana nimelitaja: mkubwa mwenye haja na haraka anaweza kuigeuza nchi ya watu juu chini bila hata uadui.

Haraka hiyo bado ipo, ila siku hizi inakuja kwa njia ya bei. Mchukueni mkulima wa Tandahimba. Mwezi Juni anaamka alfajiri, umande ungali kwenye majani, ili unga wa salfa ushike vizuri na kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga usiharibu maua ya mikorosho. Kijana wake amebeba mashine ya kupulizia mgongoni, uso ameufunga kitambaa, macho yanamwasha. Salfa ile kwa sehemu kubwa ni zao la pembeni la viwanda vya kusafisha mafuta na gesi, kwa hiyo msukosuko wa nchi zenye mafuta unaweza kumfikia akiwa bado hajamaliza mstari wa kwanza wa mikorosho, na pale serikali inapotoa ruzuku, unaifikia hazina badala yake. Oktoba anapeleka magunia ghalani, anapewa stakabadhi, anasubiri mnada. Zamani karani alikuwa akifungua barua za wanunuzi mbele ya watu na kusoma kampuni, tani na bei, na wakulima wakajibu kwa kelele kama wanauza au hawauzi. Siku hizi zabuni huingia kwa mtandao na bei hutokea kwenye skrini, ila kelele ni zilezile.

Bei inayotokea pale haitungwi Tandahimba. Korosho zetu nyingi husafirishwa zikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, ambako hubanguliwa, na Vietnam huziuza kwa wingi Marekani. Tarehe 2 Aprili 2025 Rais Donald Trump alitangaza ushuru wa asilimia 46 kwa bidhaa za Vietnam, na asilimia 10 kwa zetu. Wiki moja baadaye aliusitisha kwa siku 90. Mwezi Julai ukatangazwa wa asilimia 20 kwa Vietnam. Tangu hapo mambo yameendelea kubadilishwa. Mbanguaji wa Vietnam ambaye hajui atatozwa ngapi mwezi ujao ana njia moja ya kujikinga, nayo ni kutoa zabuni ya chini Mtwara. Zaidi ya hapo, tangu mwishoni mwa 2023, Wahouthi wa Yemen waliposhambulia meli katika Bahari ya Shamu, kampuni nyingi za meli zilizungusha vyombo vyao kupitia Rasi ya Tumaini Jema, na gharama za makontena zikapanda hata kwa mizigo isiyopita Suez, kwa sababu meli zilikuwa zilezile na safari zikawa ndefu.

Zamani nchi iliyodhulumiwa katika biashara ilikuwa angalau na mahali pa kushtaki. Shirika la Biashara Duniani lilikuwa na chombo cha rufaa chenye uamuzi wa mwisho. Tangu Desemba 2019 chombo hicho hakifanyi kazi, kwa sababu Marekani imezuia uteuzi wa majaji wake, chini ya marais wa vyama vyote viwili. Msiseme basi ni tabia ya mtu mmoja. Kiongozi anaweza kuwa na pupa zaidi ya mwenzake, lakini mlango anaoupitia mara nyingi ulifunguliwa na waliomtangulia wakiwa na tabasamu.

Kuhusu gesi nitasema kidogo, kwa sababu suala hili lina vidonda hapa Mtwara na halikuwa mada niliyopewa. Mwaka 2022, Ulaya ilipotaka kuachana na gesi ya Urusi, wageni waliongezeka ghafla. Tarehe 11 Juni mwaka huo makubaliano ya awali ya mradi wa kusindika gesi asilia wa Likong'o, Lindi, yalisainiwa Dodoma na kampuni za Equinor na Shell. Wengi waliamini kiu ya Ulaya ingekuwa bahati yetu. Lakini mtambo wa namna hiyo huchukua miaka mingi kujengwa na husimama kwa miongo kadhaa, wakati kiu ya kisiasa hudumu kipupwe kimoja au viwili. Ulaya ilipata gesi ya Marekani na ya Qatar, na mazungumzo yetu yakarudia mwendo wake wa kawaida. Wanaodai serikali ingesaini upesi wakati ule kwa masharti yoyote, nawakumbusha karanga.

Ng'ambo ya mto mmeona nini kinaweza kutokea. Uasi wa Cabo Delgado ulianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Oktoba 2020 ukavuka na kuua watu wetu Kitaya. Machi 2021 Palma ikashambuliwa, na mwezi uliofuata TotalEnergies ikasimamisha mradi wa dola bilioni 20. Rwanda ilipeleka askari Julai 2021, SADC nayo ikapeleka, Tanzania ikiwemo. Umoja wa Ulaya ulitoa euro milioni 20 kuwasaidia Wanyarwanda mwishoni mwa 2022 na kiasi kama hicho Novemba 2024; kikosi cha SADC kikaondoka kufikia Julai 2024. Mnaweza kuona nani aliona nini kuwa cha kulinda.

Je, wadogo wana nguvu gani? Nitoe mifano miwili ya kazi iliyofanywa na Watanzania, na yote haikumalizika vizuri kabisa, ndiyo maana naiamini.

Wa kwanza ni Cairo, Julai 1964. Mwalimu Nyerere ndiye aliyewasilisha kwa wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika azimio kwamba kila nchi iheshimu mipaka iliyoikuta wakati wa uhuru. Somalia na Morocco hazikulikubali. Mipaka hiyo, Kionga ikiwemo, ilikuwa ya kipuuzi na kila mtu alilijua hilo. Lakini kuifungua mmoja kungeifungua yote, na azimio lile limeiepusha Afrika na vita vingi vya mipaka ambavyo hatuwezi kuvihesabu kwa sababu havikutokea. Uzuri wa kanuni hiyo ni kwamba imemuuma mwenyewe aliyeileta. Katika mgogoro wa Ziwa Nyasa, Malawi hutegemea Mkataba wa 1890 wa Uingereza na Ujerumani pamoja na azimio hilohilo la Cairo, na sisi tunalazimika kujibu kwa hoja za kisheria na kukaa mezani na wapatanishi. Kanuni iliyoandikwa na mtu asiyekubali kuumizwa nayo huwa ni amri tu.

Wa pili ni Salim Ahmed Salim. Mwaka 1971 alikuwa balozi wetu New York wakati China ilipopewa kiti chake katika Umoja wa Mataifa, na alishangilia pale ukumbini mbele ya kamera. Mwaka 1981 aligombea Ukatibu Mkuu wa Umoja huo akiungwa mkono na Afrika. China ikampinga Kurt Waldheim, Katibu Mkuu aliyekuwepo, kwa duru 16 za kura ili Salim apite. Marekani nayo ikampinga Salim. Wote wawili wakajiondoa, na kiti kikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Yote yalifanyika ndani ya chumba kilichofungwa, na nchi nyingine zaidi ya 140 zilisubiri nje kuambiwa bosi wao ni nani.

Wakubwa watano, wanachama wa kudumu wa Baraza la Usalama, bado wana kura ya turufu katika uteuzi huo, na hawataiachia. Lakini chumba hakijafungwa kama zamani. Mwaka 2015, baada ya shinikizo la nchi ndogo na za kati, Baraza Kuu lilipitisha azimio la kutaka majina ya wagombea yatangazwe na wagombea waalikwe kujieleza, na mwaka 2016 kwa mara ya kwanza walisimama mbele ya nchi zote na kuulizwa maswali huku dunia ikitazama. António Guterres alipita katika utaratibu huo, na muhula wake unaishia tarehe 31 Desemba 2026. Mahojiano ya namna hiyo hurushwa kwenye intaneti, na walimu wa historia na uraia waliomo humu wanaweza kuyaonyesha darasani kwa simu moja na bando la siku. Mimi ningewaagiza wanafunzi wasikilizie jibu la swali moja tu: mwanachama wa kudumu akivunja Mkataba wa Umoja wa Mataifa, mgombea huyu yuko tayari kumtaja kwa jina? Mkishamsikiliza, andikeni alichojibu, pamoja na nchi iliyomuuliza.

Nawashukuru kwa kunivumilia, na sasa niko tayari kupokea maswali yenu.